Mji wa Lugha Mbili, Ofisi ya Lugha Moja: Kiswahili na Kifaransa katika Utawala wa Uvira

1.0 Utangulizi

Katika isimujamii dhana ya uwililugha hutumika kwa maana mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Maana ya kwanza huhusu watu, yaani jamii ambayo wanajamii wake wanatumia lugha mbili katika shughuli zao za kila siku. Maana ya pili huhusu taasisi, yaani ofisi ambayo sheria inailazimu kumhudumia raia kwa lugha mbili. Maana hizi si lazima ziende pamoja. Mahali panaweza kuwa na watu wa lugha mbili na ofisi ya lugha moja. Panaweza pia kuwa na ofisi ya lugha mbili inayowahudumia watu ambao kila mmoja wao anajua lugha moja tu.

Mfano mmoja wa maana ya pili unapatikana mbali na Afrika. Katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada, ambako Kiingereza na Kifaransa ni lugha rasmi, Sheria ya Lugha Rasmi ya 2002 inaitaka kila manispaa ambayo wasemaji wa lugha rasmi ya wachache wanafikia asilimia 20 ya wakazi wake ipitishe na kuchapisha sheria zake ndogo kwa lugha zote mbili. Kigezo hicho hakitazami ukubwa wa mahali. Manispaa ndogo ya shamba ikikifikia, wajibu unaizukia kama unavyouzukia mji mkubwa. Huko, uwililugha wa manispaa ni deni ambalo ofisi inadaiwa na raia wake, nalo linaweza kudaiwa mahakamani.

Makala haya yanakitumia kipimo hicho kuutazama mji wa Uvira na pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yetu ni kwamba Uvira ni mji wa lugha mbili kwa maana ya kwanza, lakini bado haujawa hivyo kwa maana ya pili. Na kwamba kinachokosekana si sheria, kwa kuwa sheria ipo, bali ni karatasi yenye maandishi ya Kiswahili juu ya meza ya karani.

2.0 Mahali na Watu

Uvira umekaa katika pembe ya kaskazini-magharibi ya ziwa, kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya maji na miteremko ya milima ya Mitumba. Mpaka wa Burundi uko Kavimvira, na kutoka hapo hadi Bujumbura hazifiki kilomita 30. Upande wa kusini barabara inafuata ufuko kupitia Makobola na Mboko hadi Baraka, katika wilaya ya Fizi. Upande wa kaskazini kuna uwanda wa mto Ruzizi, wenye makazi ya Kiliba, Sange na Luvungi. Bandari ya mji iko Kalundu, nayo kwa miaka mingi imeunganisha mji huu na Kigoma na bandari nyingine za ziwa.

Kiutawala, mji umegawanywa katika komini tatu: Kalundu, Mulongwe na Kavimvira. Mji huongozwa na meya, na komini huongozwa na burgumesta. Nje ya mji kuna wilaya ya Uvira, yenye tawala tatu za kimila: ule wa Wavira, ule wa Wafuliiru na ule wa uwanda wa Ruzizi. Kwa mujibu wa sheria ya 7 Oktoba 2008, mji, komini, sekta na utawala wa kimila ni vyombo vya serikali za mitaa vyenye nafsi ya kisheria. Vyombo hivyo vina bajeti yao na vina uwezo wa kutoza ushuru. Kwa hiyo kila kimoja ni mwandishi wa nyaraka: hutoa risiti, matangazo, amri, vyeti na barua za wito.

Wakazi wa eneo hili wanasema Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kirundi na Kinyamulenge. Wapo pia wasemaji wa Kishi na Kirega walioingia kwa biashara na kazi. Hakuna hata moja kati ya lugha hizo inayotosha kwa mji mzima. Lugha inayowaunganisha sokoni, bandarini, kanisani, msikitini na katika nyumba nyingi za ndoa mchanganyiko ni Kiswahili. Kifaransa ni lugha ya shule za sekondari, ya chuo na ya mhuri.

3.0 Jinsi Lugha Hizi Mbili Zilivyofika

Kiswahili kilitangulia. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Unyanyembe ikafika Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ilipanda kuelekea kaskazini. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858 walikuta mahali hapo tayari ni soko la pembe za ndovu, nafaka na watumwa, linalotembelewa na wafanyabiashara hao. Hapo ndipo walipoambiwa na wenyeji kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani badala ya kutoka. Livingstone na Stanley walikuja kulithibitisha jambo hilo kwa macho yao mwaka 1871. Baadaye Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alieneza mamlaka yake kutoka Ujiji katika pwani za kaskazini, hadi aliposhindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo katika vita vya 1892 hadi 1894. Kumbukumbu ya kipindi hicho ni chungu, kwa kuwa biashara iliyoleta lugha ndiyo iliyowachukua watu utumwani. Hata hivyo lugha yenyewe ilibaki, ikageuzwa na wenyeji kuwa chombo chao.

Kifaransa kilikuja na dola. Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa sera ya lugha. Mkataba wa Kikoloni wa 18 Oktoba 1908, uliofungua enzi ya Kongo ya Wabelgiji, ulitamka kwamba amri na kanuni za jumla zitaandikwa na kuchapishwa kwa Kifaransa na Kiflemi, na kwamba matini zote mbili ni rasmi. Kwa hiyo Kongo ilikuwa, kwa karatasi, koloni la lugha mbili. Lakini lugha zote mbili zilikuwa za Wabelgiji. Mtawala aliona umuhimu wa kulinda haki ya lugha ya raia wa kwao, huku Mkongo aliyetawaliwa na amri hizo akizisikia kwa kinywa cha mkalimani.

Kinyume hicho kilizidi kuonekana baadaye. Sheria ya 8 Novemba 1962 ilipochora mpaka wa lugha ndani ya Ubelgiji, baadhi ya komini ndogo za mpakani zilipewa masharti maalumu ili wakazi wa lugha ya wachache waweze kuhudumiwa kwa lugha yao. Nchi iliyotambua haja hiyo kwa komini zake ilikuwa imeiachia Kongo huru, miaka miwili tu kabla, utawala ulioandikwa kwa lugha isiyosemwa na raia walio wengi.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba wakoloni walikipuuza Kiswahili. Walikitumia sana: jeshini, migodini, katika shule za msingi za misheni na katika kuwaamuru watu. Johannes Fabian, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji kati ya 1880 na 1938, ameonyesha namna kamusi na vitabu vya sarufi vya wakati huo vilivyofungamana na haja ya kutawala. Tunaweza kuongeza kwamba kilichoachwa ni mgawanyo wa kazi: Kiswahili kwa kuamuru, Kifaransa kwa kuweka kumbukumbu. Mgawanyo huo umedumu kuliko ukoloni wenyewe. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia nchini kote tangu darasa la kwanza, na ingawa katika miaka ya 1970 lugha za taifa zilirudishwa katika madarasa ya mwanzo, ofisi hazikubadilika.

4.0 Sheria Inasema Nini

Msomaji anaweza kudhani kwamba hali hii inatokana na katiba kukinyima Kiswahili nafasi. Sivyo. Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 1, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa ambazo dola inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Ibara ya 18 inaagiza kwamba mtu yeyote anayekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Na ibara ya 142 inakwenda mbali zaidi: inaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, katika muda wa siku 60 tangu sheria kutiwa saini.

Ibara hii ya mwisho haijulikani sana miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili, nayo inastahili kujulikana. Inakipa Kiswahili kazi ya kisheria nchini Kongo, na inaweka muda maalumu. Haisemi kwamba sheria itafasiriwa fedha zikipatikana. Aidha, inamhusu raia wa Sange au wa Mboko moja kwa moja, kwa sababu sheria za ardhi, misitu, uvuvi, uchaguzi na kodi zote ni sheria zinazopaswa kumfikia kwa njia hiyo.

Katika elimu, sheria ya 11 Februari 2014 inakiweka Kifaransa kuwa lugha ya elimu, na papo hapo inaruhusu lugha za taifa au za mazingira zitumike kufundishia na kusomwa kama somo. Kwa hiyo mtoto wa Uvira huanza kusoma kwa Kiswahili, kisha anavushwa kwenda Kifaransa. Anayeacha shule kabla ya kuvuka, na wanaoacha ni wengi, hubaki na uwezo wa kusoma Kiswahili katika mji ambao nyaraka zake ziko kwa Kifaransa.

5.0 Kati ya Kinywa na Karatasi

Tufuate safari ya jambo moja la kawaida, yaani ununuzi wa shamba katika uwanda wa Ruzizi. Mazungumzo ya kwanza kati ya muuzaji na mnunuzi hufanyika kwa lugha yao ya nyumbani kama wanaishiriki, na kama hawaishiriki, kwa Kiswahili. Wazee na majirani huitwa kuonyesha mipaka. Mwami au mwakilishi wake huarifiwa. Ushahidi wote mpaka hapo ni wa mdomo, na kila aliyepo ameuelewa. Kisha huja karatasi. Karatasi huandikwa kwa Kifaransa, husomwa au kufupishwa kwa Kiswahili na yule aliyeiandika, na wahusika hutia saini au kidole gumba chini ya maneno ambayo hawawezi kuyahakiki.

Uzito wa karatasi hiyo haulingani na wepesi wa kuitia saini. Sheria ya ardhi ya 1973, pamoja na marekebisho yake ya 1980, ilikipa cheti cha kuandikishwa ardhi nguvu kubwa: muda wa miaka miwili ukipita, haki iliyoandikwa ndani yake huwa haipingiki tena. Mkulima ambaye hakuelewa tangazo, au aliyedhani amekodisha kumbe ameuza, anaweza kugundua kosa wakati mlango wa mahakama umekwisha fungwa. Katika eneo ambalo ugomvi wa ardhi umewahi mara kwa mara kuvaa sura ya ugomvi wa makabila, jambo hili si la sarufi peke yake.

Mfano wa pili unahusu uhai. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilisababisha mto Mulongwe na mito mingine inayoteremka kutoka milimani kufurika mjini. Makumi ya watu walipoteza maisha na maelfu walibaki bila makao. Uvira pia umeishi na kipindupindu kwa miongo mingi, ugonjwa unaofungamana na upungufu wa maji safi. Katika mambo haya mawili, redio, wahubiri na wahudumu wa afya husema na watu kwa Kiswahili, kwa sababu kila mtu anafahamu kwamba onyo lisiloeleweka si onyo. Swali linalojitokeza ni hili: iwapo dola inakubali kwamba raia ahutubiwe kwa Kiswahili anapotakiwa kuchemsha maji au kuhama kingo za mto, kwa nini asiandikiwe kwa Kiswahili anapotakiwa kulipa ushuru au kuuza shamba?

Jibu la kawaida la maofisa ni kwamba Kifaransa huepusha upendeleo, kwa kuwa si lugha ya kabila lolote. Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya Kifuliiru au Kibembe. Dhidi ya Kiswahili haina nguvu, kwa sababu katika pwani hii Kiswahili nacho si mali ya kabila moja, na kina wasemaji wengi zaidi. Jibu jingine ni la kimya: anayejua kusoma Kifaransa anakuwa mlango ambao wengine hawana budi kuupitia, na kila mlango una ada yake.

6.0 Kiswahili Kipi?

Ipo hoja ya tatu ambayo sisi wanataaluma wa Kiswahili hatuwezi kuikwepa: kuandika kwa Kiswahili, sawa, lakini Kiswahili kipi? Kiswahili kinachosemwa Kivu kina sifa zake zinazojulikana. Kiambishi ba- hutumika mahali pa wa-, hivyo batu kwa watu. Bi- mahali pa vi-, hivyo bitu kwa vitu. Ka- na tu- hutumika kudunisha. Na kauli kama baba iko nyumbani ni ya kawaida. Shule huitwa masomo, na dola huitwa Leta, neno lililotokana na Kifaransa. Mjini Bukavu, Didier Goyvaerts alieleza katika miaka ya 1980 mseto wa vijana uitwao Indubili. Uvira, kwa kuwa umeangalia ziwa, husemwa mara nyingi kwamba lugha yake imekaribia zaidi ile ya Kigoma kuliko ile ya Bukavu.

Tofauti za matamshi na viambishi si kikwazo kikubwa, kwa kuwa wakazi wamezoea Kiswahili sanifu cha Biblia, cha redio na cha shule. Kikwazo halisi ni istilahi za utawala. Neno mtaa nchini Tanzania ni ngazi ya chini kabisa ya serikali ya mji. Katika vyombo vya habari vya mashariki mwa Kongo neno hilohilo hutumika mara nyingi kwa komini nzima. Kata nchini Tanzania ina diwani wake. Huko Kongo baadhi ya watu huitumia kwa kitongoji cha ndani ya komini. Utawala wa kimila baadhi ya waandishi huuita usultani, neno linalomkumbusha msomaji wa Unguja jambo tofauti kabisa. Tukichukua mkusanyo wa istilahi wa Dar es Salaam na kuupeleka Uvira kama ulivyo, tutapata hati ya Kiswahili fasaha inayoeleza taasisi zisizokuwapo.

Kwa mantiki hiyo, tafsiri ya nyaraka za Uvira inapaswa kuanzia kwenye matumizi ya hapo hapo: neno ambalo karani, Mwami, mvuvi na mwanamke wa sokoni tayari wanalielewa kwa maana moja ndilo litangulie, hata kama ni neno la mkopo kama komini au Leta. Pale ambapo hakuna neno moja, maelezo ya wazi ni bora kuliko istilahi mpya. Sarufi na tahajia zinaweza kuwa sanifu bila msamiati wa utawala kuwa wa nchi nyingine.

7.0 Kiingereza Mlangoni

Kwa zaidi ya karne moja pwani hii ilikuwa mpaka wa lugha mbili za dola: Kifaransa upande wa magharibi na kaskazini, Kiingereza upande wa mashariki tangu Waingereza waichukue Tanganyika. Mpaka huo umeanza kulegea. Wakimbizi wa Fizi na Uvira waliokaa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, walikutana na Kiswahili na Kiingereza cha Tanzania. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliofika katika miaka ya 2000, wakiwamo Wapakistani, walihitaji wakalimani wa Kiingereza. Burundi ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi mwaka 2014. Hatimaye, mwaka 2022, Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa 1999 ulikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana, kabla wakuu wa nchi kuazimia mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa navyo viwe rasmi.

Matokeo yake ni kwamba shule na vituo vya kufundisha Kiingereza vina mvuto mkubwa kwa vijana. Hatuna sababu ya kuwalaumu. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mji ambao ofisi yake ni ya Kifaransa unaweza, kwa jina la Jumuiya, kuongeza Kiingereza na ukajiita wa lugha mbili, kama lilivyojiita koloni la 1908, huku raia akibaki nje ya karatasi zote mbili.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Uvira una watu wa lugha mbili, una historia ya lugha mbili na una katiba inayoagiza sheria zifike kwa Kiswahili katika siku 60. Unachokosa ni wajibu wa ofisi. Hatua za mwanzo hazihitaji katiba mpya wala fedha nyingi. Aina za nyaraka zinazomgusa raia moja kwa moja si nyingi: risiti ya ushuru, hati ya mauziano ya ardhi, barua ya wito, cheti cha kuzaliwa, tangazo la komini. Kila moja inaweza kuchapwa kwa safu mbili, Kifaransa kushoto na Kiswahili kulia. Kazi hiyo inaweza kuanza katika komini moja, na wanafunzi wa vyuo vya pande zote za ziwa wanaweza kuifanya wakisaidiana na makarani wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wakati si mwafaka. Baada ya Bukavu kutekwa Februari 2025, serikali ya jimbo la Kivu Kusini ilihamia Uvira, na Desemba mwaka huohuo vita viliufikia mji wenyewe. Tunaona kinyume. Watu wanaokimbia hurudi, na wanaporudi hukuta mwingine yumo shambani, mkononi ana karatasi. Wakati huo mwenye haki atahitaji kuisoma karatasi hiyo yeye mwenyewe, kwa lugha ambayo hakuna anayelazimika kumtafsiria.